Mpe Mwandishi wa Uchunguzi Pa Kuanzia

Wengi wanaomwendea mwandishi wa habari za uchunguzi humpelekea hukumu iliyokwisha kukatwa: mkurugenzi ni mwizi, zabuni imeliwa, dawa za zahanati zinauzwa mlango wa uani, tafadhali fuatilia. Wiki zikipita bila jibu, husema kanunuliwa. Wanunuliwao wapo, lakini mara nyingi kimya hicho kina sababu nyepesi zaidi: mwandishi hakupewa pa kuanzia. Anachotafuta ni dai linaloweza kupimwa, pamoja na njia ya kulipima.

Sababu yake imo katika kazi yenyewe. John-Allan Namu wa Kenya alijipatia jina akiwa kituo cha televisheni cha KTN, akatuzwa na CNN kuwa mwanahabari bora wa Afrika mwaka 2009, na mwaka 2015 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Africa Uncensored, chombo cha kujitegemea cha habari za uchunguzi. Mwaka 2018 chombo hicho kilitoa The Profiteers, filamu iliyofuata nyayo za fedha za vita vya Sudan Kusini hadi nchi jirani. Kazi ya aina hiyo haisimami juu ya hasira ya watu. Husimama juu ya hati za nyumba, usajili wa kampuni, miamala ya fedha na mashahidi wasiojuana wanaosema jambo moja. Kosa moja la jina au tarehe linaweza kumfikisha mwandishi mahakamani, na likaharibu uaminifu alioujenga kwa miaka mingi. Ndiyo maana akisoma ujumbe wako hujiuliza kwanza: nitalithibitishaje hili?

Msaidie kulijibu swali hilo. Badala ya kuandika kwamba zahanati ya kata imeoza, andika kwamba dawa ya aina fulani iliyopokewa mwezi fulani iliisha kabla ya wiki mbili, kwamba leja ya stoo inaonyesha ilitolewa kwa wagonjwa, na kwamba wagonjwa wa siku hizo waliambiwa wakanunue dukani. Hapo mwandishi ana leja ya kuitafuta, tarehe za kulinganisha na watu wa kuwauliza. Tenganisha uliyoyaona kwa macho, uliyoambiwa na unayoyashuku. Aya moja inatosha kwa kuanzia: nini kimetokea, wapi, lini, nani kaumia, na ushahidi uko wapi.

Sehemu ya ushahidi huo huwa tayari mikononi mwa umma. Nchini Tanzania, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kila mwaka. Ukiutaja ukurasa unaogusa halmashauri yako, umempunguzia mwandishi siku nyingi za kupekua. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Kenya inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi, Tanzania siku 30. Ombi lililokataliwa kwa maandishi nalo ni ushahidi, kwa hiyo litunze.

Chagua pia wa kumpelekea. Soma au tazama kazi zake za karibuni, kwa kuwa anayefuatilia ardhi si lazima awe mjuzi wa hospitali, na waandishi huhama. Mohammed Ali, aliyevuma kwa kipindi cha uchunguzi cha Jicho Pevu katika KTN, amekuwa mbunge wa Nyali tangu 2017. Kama una maslahi katika jambo unaloliripoti, labda wewe ndiye uliyekosa zabuni unayoilalamikia, sema mapema. Maslahi yako hayaifanyi habari kuwa ya uongo. Lakini yakifichwa kisha yakagunduliwa, mwandishi atatilia shaka kila ulilomwambia.

Usalama wako utangulie yote haya. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya alipoona malipo makubwa kwa kampuni ya Goldenberg, yaliyotolewa kwa kisingizio cha kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi. Nyaraka alizozitoa ziliwafikia wabunge wa upinzani mwaka 1993, na kashfa ikafichuka. Yeye alikamatwa, akashtakiwa, akafukuzwa kazi, na akafariki mwaka 2006 akiwa maskini. Waandishi nao hulipa gharama: Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyeripoti mauaji ya Kibiti nchini Tanzania, alitoweka Novemba 2017.

Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote, hesabu ni watu wangapi waliowahi kuishika hati hiyo. Mkiwa watatu tu, kuificha sura yako hakutakuficha. Usitumie simu, kompyuta wala barua pepe ya ofisi. Usiirushe hati hiyo kwenye kundi la WhatsApp. Kubaliana na mwandishi kabla hujafungua kinywa: jina lako litatajwa, litafichwa, au maelezo yako yatatumika tu kumwongoza? Ahadi ya aina hii huombwa kabla ya mazungumzo, kwani baada yake mwandishi hafungwi nayo. Wala usiombe malipo. Habari iliyonunuliwa humpa mtuhumiwa hoja ya bure.

Kisha uwe tayari kusubiri, pengine miezi. Ipo siku mwandishi atampigia simu huyohuyo unayemlalamikia na kumpa nafasi ya kujibu. Mwombe tangu mwanzo akuarifu kabla ya siku hiyo, ujipange. Usiione simu hiyo kuwa usaliti. Tuhuma iliyojibiwa na bado ikasimama ndiyo inayoweza kumfikisha mhusika mbele ya kamati ya Bunge au mahakama, na ndiyo itakayowarudishia wagonjwa wa zahanati ile dawa zao.