Mzizi Kwanza, Mafuta Baadaye

Dada anayetoka saluni na rasta mpya kisha akameza kidonge cha maumivu ili apate usingizi amelipia hasara. Unywele unaoonekana hauna uhai; kilicho hai ni mzizi wake chini ya ngozi, unaousukuma nje kwa takriban sentimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana jambo kubwa kuliko yote katika afya ya nywele ni kutouvuta mzizi huo. Tatizo la nywele kunyonyoka kwa kuvutwa liliandikwa na daktari tangu mwaka 1907, kwa wanawake wa Greenland waliozikaza nywele zao juu hadi zikanyonyoka pembeni. Huko Cape Town, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulilikuta tatizo hilo kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa. Huanza na vipele vidogo kwenye paji na juu ya masikio. Likiendelea kwa miaka, mzizi hugeuka kovu na hapaoti kitu tena.

Wapo watakaosema bibi zetu walisuka maisha yao yote. Kweli, lakini wengi walisuka nywele zao wenyewe, bila uzito wa nywele za bandia wala dawa ya kulainisha iliyokwisha kuzidhoofisha. Na mafuta? Ya nazi husaidia unywele usikatike ovyo, sikatai. Hayaufufui mzizi uliokufa, hata chupa iandikwe nini. Lishe nayo ina nafasi yake, hasa madini ya chuma, na upara wa kurithi ni habari nyingine. Ila msusi akikaza mpaka nyusi zinapanda, mwambie alegeze palepale. Akikataa, inuka ukatafute mwingine.