Injini Baridi Haifichi Siri

Vijana wetu wengi wana mapenzi na Subaru Impreza WRX, gari la kasi lililoanza kutoka Japani mwaka 1992. Impreza ndiyo aliyoiendesha Richard Burns aliposhinda Safari Rally hapa Kenya mwaka 2000. Kulipenda gari si kosa. Kinachosikitisha ni akiba ya aila, na pengine dhahabu ya mama, kuzama katika injini chakavu iliyong'arishwa ili mnunuzi aingie mtegoni.

La kwanza, mwambieni muuzaji asiioshe injini wala kuiwasha kabla hamjafika. Mkiikuta boneti ina joto, rudini siku nyingine, kwa kuwa moshi na mlio wa mwanzo hupotea injini ikishapata moto.

Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Weusi wake peke yake si wa kutisha; cha kuogopwa ni oili iliyogeuka rangi ya maziwa, kwani ni dalili ya maji kuingia ndani. Injini ingali baridi, fungueni rejeta pia mtazame kama mna utando wa mafuta.

Kisha tafuteni mvujo. Silinda nne za injini hii zimelazwa, mbili kila ubavu, na mifuniko ya vali iko pembeni. Gasketi zake zikichoka, oili hudondokea mabomba ya moshi yenye moto na kutoa harufu ya kuungua. Ila hii hutengenezeka, nayo ni sababu ya kupunguziwa bei. Matone ya maji matupu chini ya gari aghalabu hutoka katika eyakondishani, wala si ila.

Uchakavu hujulikana kwa moshi. Wa buluu ni oili inayoungua: yamkini ringi za pistoni, sili za vali au tabo zimechoka. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia katika silinda. Hapo msiendelee.

Mwisho, fundi wenu, wala si wa muuzaji, apime kompresheni ya kila silinda. Tatu zikisoma 140 na moja 95, injini hiyo inangoja kufunguliwa, na gharama itakuwa juu yenu.

Nawe muuzaji, kumbuka kuwa katika sharia yetu aliyeuziwa kitu chenye ila iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha. Kuosha oili inayovuja asubuhi ya mauzo ili isionekane ni kuificha ila hiyo. Itaje, upunguze bei, uuze kwa amani.

Nanyi kina mama mnaoombwa mchango, msifungue mkoba kwa sifa za gari. Ombeni kwanza karatasi ya vipimo yenye namba za silinda zote nne.