Sura ya Sita: Spika Moja Inapokuwa Bubu

Malalamiko huja kwa maneno yaleyale. "Fundi, upande wa kushoto umekufa, lakini nikifungua sauti mpaka nusu unarudi wenyewe." Au: "Ikiwashwa asubuhi inakoroma, ikifika mchana imepona." Mwenye amplifaya ameshabadilisha waya, ameshahamisha spika ya kulia kuiweka kushoto, na ameona ugonjwa haukuhama na spika. Fundi mwenye haraka hapo hufungua boksi na kuanza kung'oa transista kubwa za kutolea sauti, maana ndizo zenye sifa mbaya. Lakini transista iliyokufa haifufuki kwa kuongezewa sauti. Kinachofufuka hivyo ni mgusano mchafu, na katika amplifaya za miaka ya 1970 hadi 1990 mgusano wa kwanza kushukiwa umo ndani ya kiboksi kidogo cha plastiki karibu na matundu ya spika. Hicho ndicho rilei.

Ukiwasha Sansui, Pioneer au Yamaha ya enzi hizo, husikii kitu kwa sekunde tatu hadi tano, kisha ndani ya boksi kunalia "tak", na muziki unaanza. Ile "tak" ni koili iliyopata umeme, mara nyingi wa volti 24, ikawa sumaku na kuvuta mkono mdogo wa chuma. Mkono huo una ncha ya fedha, nayo hukutana na ncha nyingine ya fedha iliyosimama. Zikigusana, sauti inapita kwenda kwenye spika.

Kusubiri kwenyewe kuna sababu. Amplifaya inapowaka, volti zake hazijatulia, na spika ikiwa imeunganishwa wakati huo hupigwa kishindo. Rilei huzuia kishindo hicho. Kazi yake kubwa zaidi, hata hivyo, hujulikana siku ya ajali. Amplifaya ya nguvu ya kati hujiendesha kwa volti 60 upande wa chanya na 60 upande wa hasi. Transista moja ikiungua na kushika, volti hizo 60 huelekea kwenye spika zikiwa umeme mnyoofu, ule wa aina ya betri. Koili ya spika ya ohmu nane ukiipima kwa mita huwa na ohmu kama sita hivi. Piga hesabu: ampea 10, wati 600 za joto tupu kwenye waya mwembamba kama uzi. Spika haitalia, itatoa moshi. Saketi ya ulinzi, nyingi zikiwa zimejengwa juu ya saketi unganifu kama uPC1237 ya NEC au TA7317P ya Toshiba, huugundua umeme huo mnyoofu na kuiamuru rilei iachie.

Si kila kifaa kina rilei. Redio za National zilizotoka kwenye kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam hazikuihitaji. Nguvu yao ilikuwa ndogo. Amplifaya nyingi za misikitini na makanisani, zile zinazoendesha honi kwa laini ya volti 100, zina transfoma ya kutolea sauti, na transfoma haipitishi umeme mnyoofu. Ukifungua moja ya hizo ukitafuta rilei ya spika, unapoteza muda wako na wa muumini.

Turudi kwenye ncha za fedha, maana zinaugua magonjwa mawili tofauti, na dawa ya mmoja ni madhara kwa mwingine.

Ugonjwa wa kwanza ni utando. Fedha haisumbuliwi sana na oksijeni. Adui wake ni salfa. Gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, hata ikiwa kidogo kiasi cha pua kutoisikia, huungana na fedha na kuacha utando mweusi, uleule unaozitia weusi bangili za fedha zilizofungiwa kabatini. Gesi hiyo hutoka kwenye vyoo vya shimo, maji yaliyotuama na takataka zinazooza, na unyevu huharakisha kazi yake. Mpira uliopikwa kwa salfa nao hutoa gesi za namna hiyo. Utando ukishakaa, umeme mdogo hauwezi kuupenya. Hapo ndipo ilipo siri ya mteja anayesema sauti inarudi akiongeza. Mtu anayesikiliza taarifa ya habari usiku, watoto wamelala, hutumia kama miliwati 50. Kwenye spika ya ohmu nane hiyo ni ampea 0.08 tu. Rilei nyingi za nguvu zimeandikiwa na watengenezaji kwamba zisipewe kazi chini ya takriban ampea 0.1, kwa sababu chini ya hapo ncha haziwezi kujisafisha zenyewe. Akiongeza hadi wati 50, mkondo unakuwa ampea mbili na nusu, utando unapasuka, sauti inarudi. Na kwa kuwa utando hauzuii umeme kwa usawa kama resista, sauti haipungui tu bali inakwaruza na kukoroma. Anayepiga muziki taratibu ndiye anayeua rilei yake kwa uchafu, jambo ambalo wateja wengi hawaliamini ukiwaambia.

Ugonjwa wa pili ni moto. Kila ncha zinapoachana huku mkondo mkubwa ukipita, cheche huruka katikati yao na kuyeyusha chembe za fedha, ambazo huhama kutoka ncha moja kwenda nyingine. Baada ya miaka utaona shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili. Umeme wa gridi hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche yake hukosa pumzi haraka. Umeme mnyoofu haufiki sifuri kamwe, na cheche yake hung'ang'ania. Ndiyo maana rilei iliyoandikwa ampea 10 kwa volti 250 za gridi, ubavuni mwake huandikwa pia volti 30 tu za umeme mnyoofu. Siku ya ajali ile ya volti 60, inaombwa kukata mara mbili ya ilichoahidi.

Rilei za Zegereni, kati ya Kibaha na Kisarawe, zinakutana na magonjwa yote mawili. Upande wa Kibaha ni eneo la viwanda, kuna malori na vumbi. Upande wa Kisarawe ni mashamba ya korosho na mihogo. Bahari iko mbali kiasi kwamba huwezi kuilaumu kwa chumvi, kama anavyoweza fundi wa Kunduchi, lakini hewa yake nzito inafika, na kuanzia Machi hadi Mei masika hulowesha kila kitu kisichofungwa. Umeme ukikatika katikati ya sherehe, spika zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho, rilei huachia ikiwa imebeba mzigo wote; umeme ukirudi na kukatika tena, inaachia tena. Hizo ndizo cheche zinazochimba mashimo. Kisha kuna amplifaya za mtumba kutoka Japani. Hizi huwa zimetengenezwa kwa volti 100, na ukizichomeka kwenye volti 230 zetu bila transfoma ya kupunguza, hutakuwa na haja ya kusoma sura hii. Zilizosalimika mara nyingi zilipigwa taratibu miaka mingi, na rilei zake huja zikiwa na utando tayari.

Kabla ya kugusa rilei, hakikisha ni yenyewe. Amplifaya nyingi za zamani zina swichi ya kuchagua spika za A au B, nayo ina migusano yake ya fedha inayochafuka vilevile. Izungushe mara kadhaa. Sauti ikirudi, anza na hiyo. Kisha, muziki ukiwa chini, gonga kichwa cha rilei taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Sauti ikija na kupotea kwa kugonga, umeshapata jibu. Ukitaka uhakika wa mita, pima volti kati ya pini mbili za mgusano wakati muziki unapita. Ncha safi hubakiza milivolti chache, hata mkondo ukifika ampea moja. Ukikuta mamia ya milivolti, ncha zimeoza. Usiruhusu ncha ya mita iguse pini mbili za chaneli tofauti, hasa bodi zile za zamani ambazo pini zimekaa karibu mno.

Na kama "tak" haisikiki kabisa? Basi rilei huenda haina kosa. Inawezekana saketi ya ulinzi imeona umeme mnyoofu na inakataa kufunga, na hapo ni kweli transista zinahitaji kuangaliwa. Kuisafisha rilei inayokataa kwa haki ni kupoteza muda.

Ukishajiridhisha, chomoa waya ukutani. Kapasita mbili za mikrofaradi 10,000 zenye volti 60 kila moja zimebeba jumla ya jouli 36, za kutosha kuyeyusha ncha ya bisibisi na kukutia adabu. Zimwage kwa balbu ya zamani ya waya ya wati 60 iliyofungwa kwenye nyaya mbili, kisha pima kwa mita mpaka usome karibu na sifuri. Wanaomwaga kwa bisibisi wanafupisha maisha ya kapasita, na ya macho yao.

Ng'oa risasi, toa rilei kwenye bodi, na ufungue mfuniko wake. Mingi imeshikwa kwa vikulabu viwili. Iliyogundishwa hukatwa kwa wembe kuzunguka kitako, taratibu, maana waya wa koili ndani ni mwembamba kuliko unywele. Sasa shika rilei chini ya taa na uziangalie ncha kwa lenzi. Zikiwa laini lakini nyeusi au za kahawia, una utando, na utando unatoka. Zikiwa na mashimo na vichuguu, weka chini vifaa vyako. Rilei hiyo inabadilishwa.

Kwa utando, kata ukanda wa karatasi nyeupe ngumu, kama ya kadi ya mwaliko isiyong'aa, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Uloweshe kwa spiriti safi ya isopropili. Uingize kati ya ncha, bonyeza mkono wa rilei kwa kidole kwa nguvu kidogo tu, sawa na ile ya sumaku yenyewe, kisha vuta ukanda utoke. Utaona mstari mweusi juu ya karatasi. Sogeza kipande safi, rudia. Mstari hugeuka kijivu, kisha hafifu, kisha hakuna kitu. Malizia kwa ukanda mkavu na puliza nyuzi zilizobaki. Fanya hivyo kwa kila jozi, maana rilei moja ya amplifaya mara nyingi ina jozi mbili, moja kwa kila chaneli, na ile isiyolalamikiwa leo italalamikiwa mwezi ujao.

Msasa ndio dawa inayopendwa na wengi, nami naupinga. Rilei nyingine zina ngozi ya dhahabu juu ya fedha, nyembamba kiasi kwamba mikwaruzo michache huimaliza. Chembe za msasa nazo huzama kwenye fedha, ambayo ni laini, na kukaa humo zikizuia umeme. Siku hiyo sauti inarudi na mteja analipa kwa furaha. Baada ya miezi michache ncha iliyochunwa inachafuka haraka kuliko ilivyokuwa. Dawa za kupuliza zenye mafuta nazo zina kasoro: mafuta yakikutana na cheche huungua na kuacha masizi. Na usifunge mfuniko kwa silikoni ya madirisha. Mvuke wake ukifika kwenye cheche hugeuka kuwa chembe zinazofanana na kioo, na kioo hakipitishi umeme. Tone dogo la gundi ya plastiki linatosha.

Liko kosa baya kuliko msasa, nalo nimelikuta kwenye amplifaya nyingi zilizopita mikononi mwa wengine: waya uliounganishwa juu ya pini za rilei, kuipita moja kwa moja. Sauti inakuwa safi, hakuna kukoroma, na bili ni ndogo. Hakuna kinacholinda spika tena. Mwenye nyumba haambiwi, na atakapounguliwa spika mbili za bei atasema ni umeme wa TANESCO. Kagua hilo kwenye kila amplifaya ya mtumba kabla hujailipia. Amplifaya ikiwa imezimwa, mita ikiwekwa kwenye pini za mgusano isome kwamba njia imekatika. Ikisoma imeunganika, ama kuna waya wa fundi, ama ncha ziliyeyuka siku ya ajali zikashikana. Rilei ya namna hii italia "tak" vizuri tu.

Kubadilisha ni rahisi ukisoma maandishi ya juu ya ile ya zamani: volti za koili, ampea za mgusano, mpangilio wa pini. Kariakoo utapewa inayofanana kwa sura, na baadhi zina maandishi yasiyo ya kweli. Pima koili kabla hujalipa. Rilei ya volti 24 inayotumia nusu wati inapaswa kusoma ohmu elfu moja na mia moja hivi. Ukisoma mia tatu, ni ya volti 12 iliyopewa jina jingine, na itaungua kwenye bodi yako.

Ukishaifunga, usiunganishe spika bado. Washa amplifaya kupitia balbu iliyowekwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Iking'aa kwa nguvu na kubaki hivyo, zima. Ikififia, subiri "tak", kisha pima umeme mnyoofu kwenye matundu ya spika, kushoto na kulia. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Ndipo uunganishe spika, na uanze na sauti ya chini kabisa, ile ya taarifa ya habari usiku, maana ndiyo inayoonyesha kama kazi imefanyika.