Kengele Inaponyamaza: Maelezo Mafupi Kuhusu Uwindaji wa Grausi kwa Mbwa

Utangulizi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, katika somo la tafsiri, kifungu kifupi cha Kiingereza kinachohusu uwindaji wa ndege katika misitu ya kaskazini mwa Marekani. Kisarufi hakikuwa kigumu. Kilisema kwamba kengele ya mbwa ilinyamaza, mbwa akaashiria, mwindaji akapita mbele yake, ndege akaruka. Tulipokuwa tukisahihisha tulikuta daftari zilizosema kwamba mbwa "alinyosha kidole", na nyingine kwamba kengele "iliharibika". Tukachukua kalamu nyekundu na kukata alama.

Siku ya kurudisha daftari, mwanafunzi mmoja kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, alisimama akauliza: "Mwalimu, tumekubali kwamba tumekosea. Lakini jibu lenyewe ni lipi?" Tukamsomea jibu letu: "mbwa alisimama". Akasema kwa upole: "Samahani Mwalimu. Kwetu mbwa wa kuwinda huvishwa kengele ya mti, nayo hulia ili mnyama ashtuke na kukimbilia waliko wawindaji. Mbwa akisimama na kengele ikanyamaza, kazi imeharibika. Hawa wenzetu wanafurahia nini?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumesahihisha maneno bila kukijua kitu chenyewe. Makala haya ndiyo jibu tulilomwahidi siku ile.

Ndege mwenyewe

Ndege anayezungumziwa huitwa na wataalamu Bonasa umbellus. Kiswahili hakina jina lake kwa kuwa hapatikani Afrika. Katika makala haya tutamwita grausi. Ni wa jamii moja na kwale na kuku, ana rangi ya kahawia au kijivu yenye madoadoa kama majani makavu, na shingoni ana manyoya meusi anayoweza kuyatanua yakawa kama kola. Uzito wake ni kati ya nusu kilo na robo tatu ya kilo hivi. Huishi katika misitu ya Kanada, Alaska na kaskazini mwa Marekani, na kusini hufuata milima ya Appalachia. Pennsylvania ilimfanya kuwa ndege wake wa jimbo mwaka 1931.

Majira ya kuchipua, dume hupanda juu ya gogo lililoanguka na kupiga mabawa yake hewani, kwanza polepole, kisha kwa kasi. Mlio wake hufanana na pikipiki ya zamani inayokataa kuwaka. Watu wa zamani walidhani analipiga gogo. Kumbe ni hewa tu inayopigwa na mabawa. Majira ya baridi humea vijino kama vya chanuo pembeni mwa vidole vyake, navyo humsaidia kutembea juu ya theluji. Theluji ikiwa laini na nene hujizika ndani yake, akalala humo kujikinga na baridi.

Silaha yake kubwa ni kujificha. Adui akikaribia, hutulia pale pale au hutembea kimyakimya chini ya vichaka. Akiona amefikiwa, hukurupuka kwa mshindo wa mabawa unaomshtua hata mwindaji mzoefu, na baada ya sekunde moja au mbili ameshapotelea nyuma ya miti. Ndiyo sababu binadamu peke yake hupita karibu na grausi wengi bila kuwaona. Hapo ndipo mbwa anapohitajika.

Mbwa na kazi yake

Mbwa wanaotumika sana ni wa aina za seta, pointa na Brittany. Hawafugwi ili wakimbize wala wakamate. Kazi yao ni kunusa na kutoa taarifa. Mbwa hutangulia msituni akienda kushoto na kulia, na mwindaji hujitahidi kumwongoza kuelekea upepo unakotoka, ili harufu ya ndege imfikie mapema. Akiipata harufu hiyo kwa nguvu, hukakamaa ghafla: kichwa mbele, mkia umenyooka, mara nyingine mguu mmoja umeinuliwa. Hatikisiki. Pua yake imeelekea aliko ndege, na ndiyo maana Waingereza waliliita tendo hilo kwa neno lile lile la kuonyesha kwa kidole. Mbwa anaonyesha kwa mwili mzima.

Grausi ni mtihani mgumu kwa mbwa. Mbwa akimkaribia mno, ndege huruka kabla mwindaji hajafika. Akisimama mbali mno, ndege hupata nafasi ya kutembea na kuondoka. Kwa hiyo mbwa lazima ajifunze kipimo, na mafunzo hayo huchukua misimu kadhaa. Mbwa aliyefunzwa vizuri hubaki amesimama hata ndege anaporuka na bunduki inapolia, mpaka aamriwe kwenda kumtafuta ndege aliyeanguka na kumleta. Wahenga wetu walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Katika uwindaji huu tungeongeza kwamba mbwa wa msasi mvumilivu ni mvumilivu pia.

Kimya cha kengele

Sasa tulijibu swali la Ituri. Grausi hupenda vichaka vilivyosongamana, na humo mbwa hupotea machoni baada ya hatua chache. Kwa hiyo huvishwa kengele ndogo shingoni. Inapolia, mwindaji anajua mbwa anatembea na yuko upande gani. Inaponyamaza, anajua mbwa ameganda, na mbele ya pua yake huenda kuna ndege. Kule Ituri ujumbe umo katika mlio. Huku ujumbe umo katika kimya. Siku hizi wengi hutumia kola za elektroniki zinazoonyesha mahali alipo mbwa kwa setelaiti, lakini wapo ambao bado hawajaiacha kengele.

Kengele ikinyamaza, mwindaji husogea haraka lakini kwa uangalifu, akampita mbwa na kwenda mbele yake ili yeye mwenyewe amkurupushe ndege. Huko ndiko "kupita mbele" kulikotajwa katika kifungu chetu. Hubeba bunduki nyepesi ya marisau, kwa sababu lazima ailenge upesi katikati ya matawi. Mara nyingi hukosa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo ingeweza kutungwa mahali hapo.

Sheria zipo na hufuatwa. Huko Minnesota, kwa mfano, msimu huanza katikati ya Septemba, mwindaji lazima awe na leseni, na haruhusiwi kuua zaidi ya grausi 5 kwa siku.

Msitu kwanza

Wasomaji wengine watauliza kama bunduki ndiyo inayowamaliza ndege hawa. Biashara ya nyama ya ndege wa porini iliwaangamiza wengi katika karne ya 19, na sheria zilizofuata ziliidhibiti. Leo tatizo kubwa zaidi ni makazi. Gordon Gullion wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliyewachunguza grausi kwa miaka zaidi ya 30 katika msitu wa Cloquet, alionyesha jinsi wanavyoutegemea mti wa aspeni. Machipukizi yake ni chakula chao cha majira ya baridi, na vichaka vyake vichanga huwaficha dhidi ya mwewe na bundi. Msitu ukizeeka wote kwa pamoja, vichaka hutoweka na ndege hupungua. Indiana, ambako zamani aliwindwa, ilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2020. Virusi vya homa ya West Nile navyo vimeongeza madhara katika baadhi ya maeneo, hasa Pennsylvania.

Istilahi tunazopendekeza

(a) Kuganda kwa ishara: tendo la mbwa kukakamaa akielekeza pua aliko ndege. "Kusimama" hakutoshi, kwani hata mbwa aliyechoka husimama.

(b) Kukurupusha: kumfanya ndege aliyejificha aruke. "Kufukuza" kunapotosha.

(c) Mbwa mwashiria: mbwa aliyefunzwa kazi hiyo.

Kwa mujibu wa istilahi hizi, sentensi yetu ingekuwa: "Kengele ikanyamaza, mbwa alikuwa ameganda kwa ishara. Mwindaji akampita, akamkurupusha ndege."

Hitimisho

Tumejifunza kwamba mfasiri anaweza kulijua kila neno la sentensi na bado asiujue ujumbe wake. Kabla ya kutoa kifungu darasani, mwalimu ajiulize kama yeye mwenyewe angeweza kueleza kinachotendeka humo bila kutaja hata neno moja la lugha chasili. Sisi hatukuweza. Kwa sababu hiyo, alama tulizokata katika swali lile tumewarudishia wanafunzi wote, maana tuliwapima kwa ujuzi ambao hata sisi hatukuwa nao.

Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi, hasa wanaotoka katika jamii zinazowinda kwa mbwa, wanakaribishwa kutuletea idarani. Mwanafunzi wetu wa Ituri ameshaahidi kutuandikia kuhusu kengele ya mti.