Mlima Kenya na Historia ya Kura

Siku ya Madaraka ya 2017 iliadhimishwa kitaifa katika uwanja wa Kabiruini, Nyeri. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kinoru, Meru, na 2023 ikafika Embu. Kumbukumbu za ukombozi kuzunguka Mlima Kenya hutawaliwa na msitu, yaani Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, viapo na mashamba yaliyoporwa, na ni haki iwe hivyo. Hata hivyo, Madaraka yenyewe yalizaliwa na kura. Serikali iliyoanza kazi tarehe 1 Juni 1963 ilitokana na uchaguzi wa Mei, ambapo mtu mzima hakuulizwa tena ana elimu au mali kiasi gani. Mapambano ya kuifikia kura hiyo yalipitia miji hii hii, na makumbusho, vyuo na maktaba zake zina wajibu wa kuyajadili mbele ya umma.

Kimathi alihukumiwa Nyeri Novemba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wiki chache tu baadaye, mwezi Machi, Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, viti 8 nchi nzima. Haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu, mapato, mali na utumishi, hata mtu mmoja akaweza kuwa na kura 3 na jirani yake asiwe na hata moja. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru waliongezewa sharti: cheti cha utiifu kwa serikali. Kwa kuwa cheti hicho kilipatikana kwa urahisi zaidi Meru kuliko Nyeri au Murang'a, daftari la wapiga kura la Mkoa wa Kati likaelemea upande mmoja wa mlima. Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza hilo, mwaka 1944. Mate hakuyatunga masharti hayo. Lakini ushindi wake hauelezeki bila kukitaja cheti.

Wapo watakaosema uhuru uliletwa na panga na bunduki, wala si na karatasi. Basi na wajibu hili: serikali iliyokuwa na ndege za vita na kambi za kizuizini ilihangaikia nini mpaka ikachuja wapiga kura mmoja mmoja? Iliogopa wangemchagua nani. Na hofu hiyo haikuondoka na Mwingereza. Mwaka 1982 Wangari Maathai aliacha kazi chuo kikuu ili awanie ubunge Nyeri, akazuiwa kwa madai kwamba hakuwa amejiandikisha upya kama mpiga kura. Wapiga kura wa Tetu walimpeleka bungeni miaka 20 baadaye. Mwaka 1988 ukaja mlolongo: katika mchujo wa chama cha KANU watu walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki aliukemea mimbarani, na Aprili 1989 nyumba yake Kirinyaga ilivamiwa usiku. Kwa maoni yangu, mahubiri yake yanastahili kusomwa shuleni kando ya kesi ya Kimathi.

Pingamizi zito zaidi ni la majeraha. Wajukuu wa ngati, yaani walinzi walioipigania serikali ya kikoloni, na wajukuu wa Mau Mau wameoana, wanauziana maziwa. Kuuliza nani alipewa cheti ni kuchokonoa kidonda. Hofu hiyo naiheshimu, ila mjadala hauhitaji majina ya familia. Sheria ya uchaguzi wa 1957 na masharti yake vinatosha kuchambuliwa, maana aliyewagawa watu ni aliyekitoa cheti. Wanasiasa nao watataka kipaza sauti, kama kawaida yao, hivyo afadhali shughuli ifanyikie katika makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u, jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika enzi za ukoloni, kuliko uwanjani kwenye jukwaa. Tena isingoje kampeni. Aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1957 sasa amepita 85, na huenda ushahidi wake haujaandikwa popote. Waliosimama mlolongoni 1988 bado wako sokoni Karatina na Kerugoya, na wanaweza kuulizwa leo.