Bunduki ya nusu-otomatiki: Kanada wanaruhusu, kwetu hapana. Kwa nini?

Watu wengi wa Kivu na Ituri wana jamaa Kanada. Siku moja picha inafika kwenye simu: shemeji yuko porini, bunduki mkononi, anawinda. Swali linakuja palepale: kama kule raia anaruhusiwa, mbona huku ni kesi? Tueleze polepole.

Bunduki ya nusu-otomatiki, ukivuta gasheti mara moja, risasi moja inatoka, na ingine inaingia yenyewe. Otomatiki kamili inapiga mfululizo mpaka uachie gasheti. Hii ya pili, raia wa kawaida hawezi kuinunua Kanada.

Ile ya kwanza iko na masharti. Unasoma somo la usalama, unapita mtihani, halafu unaomba permi. Anayeomba mara ya kwanza anangoja siku 28 kwa uchache. Hata mke au mume anahusishwa: asipotia sahihi kwenye fomu, anajulishwa. Ni kinga kwa nyumba yenye ugomvi.

Kisha kuchagua. Mnunuzi mwenye akili haanzi na uzuri wa bunduki, anaanza na orodha ya serikali. Tarehe 1 Mei 2020, Kanada ilikataza aina karibu 1,500, AR-15 ikiwa ndani. Desemba 2024 ikaongeza zingine 324. Aliyenunua kihalali jana, leo anaambiwa asiitumie tena. Ndiyo maana wengi wanachukua Ruger 10/22, yenye risasi ndogo, ya wanyama wadogo. Wengine wanachukua SKS, ambayo orodha hizo mbili hazikuigusa. Lakini SKS inabeba risasi 10, na sheria ya Kanada inataka 5 tu. Kwa hiyo kisanduku chake cha risasi kinafungwa kisipite hapo.

Sasa kwetu. SKS inatumia risasi ileile ya Kalashnikov, na hapa watu wanaijua kwa vita, si kwa uwindaji. Mambo ya silaha yanaongozwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985. Tena, nchi yetu ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, na humo serikali ziliahidi kukataza kabisa raia kumiliki bunduki za nusu-otomatiki. Hakuna permi ya Kanada inayofuta hayo. Raia akikamatwa na silaha ya vita anaweza kupelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi.

Kwa hiyo, ukiikuta bunduki shambani, usiiguse wala usiipeleke nyumbani, hata kama nia yako ni kuirudisha. Fukuza watoto mahali pale, weka alama kwa mbali, uende kumwambia chifu au polisi. Picha ya shemeji ni ya kule. Huku, bunduki ileile inaweza kukuletea gereza.