Barua ya mzee iko wapi?

Muulize baba mkubwa wa Gungu, karani mstaafu na sasa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa: "Baba mkubwa, ile barua ya jana iko wapi?" Atajibu bila wasiwasi: "Si iko kwenye Word." Ana sababu ya kusema hivyo. Kila akifungua Word anaikuta barua yake kwenye orodha ya nyaraka za karibuni. Siku orodha ikijaa nyaraka nyingine, barua haionekani tena, naye anaamini imepotea.

Tuanze na maana. Faili ni kazi moja iliyohifadhiwa kwa jina lake: barua, picha, jedwali la michango. Folda ni mahali pa kuwekea mafaili, na folda moja inaweza kukaa ndani ya nyingine. Word ni programu, yaani chombo cha kuandikia na kusomea. Barua ikishahifadhiwa hukaa kwenye folda. Kwa karani wa zamani hapa pana mtego, maana masijalani faili ni jalada lenye barua nyingi. Kwenye kompyuta jalada hilo ndilo folda, na kila barua ni faili. Asipoelezwa hivyo mapema, maelezo yote yanayofuata atayasikia kinyume.

Linafuata jina. Mzee aliyezoea kuandika tarehe kwa mkwaju ataandika 12/3/2025, na Windows itamkatalia, kwa kuwa mkwaju ni kati ya alama tisa zisizoruhusiwa kwenye jina la faili. Atumie kistari, tena aanze na mwaka: 2025-03-12 Barua ya benki. Majina yakipangwa kwa alfabeti husomwa kuanzia kushoto. Ukitanguliza siku, barua za tarehe mosi za miezi yote zitarundikana pamoja. Hili makarani wastaafu hulielewa upesi kuliko wajukuu zao.

Kazi yenyewe iko kwenye nakala. Mzee hana printa, kwa hiyo ananakili barua kwenye flashi na kwenda nayo steshenari, Mwanga. Tangu hapo mafaili ni mawili, yana jina moja, na hakuna lenye habari ya mwenzake. Kijana wa steshenari anaona tarehe ya mkutano imekosewa. Anaisahihisha humo humo kwenye flashi, anahifadhi, anachapa. Jioni mzee anafungua barua iliyo kwenye kompyuta yake na kukuta kosa liko pale pale. "Mashine imerudisha makosa," atasema. Mashine haikurudisha kitu. Ni kama enzi za mashine ya chapa na karatasi ya kaboni: ukisahihisha nakala ya juu kwa kalamu, ya chini inabaki ilivyokuwa.

Dawa yake ni utaratibu. Faili lililosahihishwa safarini linanakiliwa kurudi kwenye folda lilikotoka. Kompyuta itauliza kama faili jipya lichukue nafasi ya la zamani. Kabla ya kukubali, mzee alinganishe tarehe na saa ya badiliko la mwisho kwa kila moja. Asiharakishe kufuta lililo kwenye flashi. Katika Windows, faili lililofutwa kwenye diski ya ndani kwa kawaida huenda kwenye pipa la taka na linaweza kurudishwa, lakini la kwenye flashi kwa kawaida haliendi huko.

Tunapowafundisha wazee kompyuta, wengi wetu tunaanzia kwingine: WhatsApp ya kompyuta, njia za mkato za kibodi, rangi za herufi. Mzee akikwama tunamnyang'anya kipanya na kummalizia kazi. Barua inatoka, lakini yeye hajui ilipo. Kwa maoni yangu huo ni mpangilio mbaya wa masomo. Ukienda likizo Gungu, mwachie mzee kipanya. Kila anapohifadhi, kabla hajafunga, akutajie jina la folda.